Maji Tuliyokubaliana

Mwende, mwanangu ninayekuita mama kwa sababu ulizaliwa ukapewa jina la mama yangu,

Umeenda kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia mapema. Mizigo yako iko hapa mlangoni. Umeifunga kwa kamba yangu ya kazi bila kuniuliza, na nimefurahi. Mambo ya safari sitayaandika. Basi unalijua, nauli umeshika, na baridi ya Eldoret umeshaambiwa na kila mtu. Nimekaa hapa mezani nikuandikie jambo moja ambalo wiki nzima limenishinda kulisema kwa mdomo. Kila nikianza unanitazama vile mama yako alivyokuwa akinitazama nikichelewa kurudi, na maneno yananiishia.

Ni habari ya Mutiso wa Kangundo.

Leo ulipokuwa umeenda soko la Masii, alikuja hapa. Alishukia barabarani kwenye boda boda, akatembea mpaka langoni, akabisha kwa adabu. Nilimpa kiti. Aliniambia yale uliyoniambia wewe, ila kwa upande wake. Kwamba ulimchorea ramani ya duka na vyumba vya nyuma, mjenzi wake akaifuata, na sasa ngazi imeishia kwenye ukuta wa jirani na nyumba imesimama nusu. Wewe uliniambia ramani haina kosa, kwamba Mutiso ndiye aliyesogeza ukuta bila kukujulisha. Yeye anasema alikuuliza kama ukuta unaweza kusogea na ukamjibu kwamba unaweza. Ameeneza huko Kangundo kwamba hujui kuchora. Wewe nawe umeikalia ramani ya kwanza, umeapa hutaifungua mbele yake, na kesho unapanda basi kwenda kutafuta wateja mahali ambapo hakuna anayekujua.

Aliniomba nikuamuru uitoe. Nikamwambia sina amri hiyo. Hukuajiriwa na mtu, unajitafutia kazi mwenyewe kama nilivyofanya mimi maisha yangu yote, kwa hiyo mteja ni wako na ugomvi ni wako. Akasema kesho asubuhi atakuwa Machakos mjini, na kama uko tayari mzungumze kabla basi halijaondoka, naye yuko tayari. Hakusema kwa hasira. Alionekana amechoka.

Sikuandikii kukwambia nani ana haki. Ramani hiyo hata nikiitazama siielewi. Nakuandikia kwa sababu naujua mwendo huo wa kufunga mizigo na kuwaachia watu maneno yao. Umeutoa kwangu.

Ulikuwa bado mdogo, shule ya msingi, nilipochimba kisima cha Mama Wayua. Mama yako tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Mama Wayua alikuwa jirani yetu ng'ambo ya korongo, mjane, na baada ya mazishi alikuchukua kama wake. Mimi nikiwa kazini ulikula kwake, alikusuka nywele, na jioni alikuleta mpaka hapa mlangoni akaniuliza kama nimekula. Mara nyingi nilikuwa sijala. Alikuwa anajua, na kwenye kikapu chake hapakukosa kitu kilichofunikwa. Sikuwahi kumwambia asante kwa maneno yanayotosha. Niliona kwamba siku moja nitamfanyia kitu kikubwa, nacho kitasema.

Siku hiyo ilikuja alipoamua kuchimbiwa kisima. Alikuwa amemuuza fahali wake wa pekee kwa ajili hiyo. Tulikubaliana palepale langoni kwake. Akaniambia, "Nichimbie mpaka maji." Nikamjibu, "Mpaka maji." Tukapeana mikono, na hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano yetu yote. Hakuna aliyeuliza neno lingine. Tulikuwa tunajuana sana kiasi cha kuona aibu kuulizana.

Mahali penyewe hatukupaona sawa. Mimi nilitaka chini, karibu na mto wa mchanga, pale ambapo nyasi hubaki na rangi hata kiangazi. Yeye alitaka nyuma ya jiko. Nilimwambia mara moja kwamba kule juu sina hakika napo. Akasema hapo ndipo anapotaka. Sikumuuliza kwa nini, wala sikumwambia mara ya pili. Nilihitaji kazi, na tena nilikuwa namheshimu, basi nikaona kumbishia ni kukosa shukrani. Nikachukua sururu nikaanza.

Hujawahi kushuka kisimani, nami sikutaka ushuke, lakini nikueleze kidogo. Mwanzoni unachimba ukisikia watu, kuku, redio ya jirani. Ukizidi kushuka sauti zinakuacha moja moja. Mwisho unabaki na pumzi yako na mtaimbo, na ukitazama juu mbingu imekuwa ndogo kama sufuria. Aliye juu kwenye kamba ndiye dunia yako nzima. Wangu alikuwa Kilonzo, ndugu yangu mdogo. Yeye alikuwa na tabia ya kuniongelesha kutoka juu hata kama hakuna la kusema. Ataniambia nani amepita na baiskeli, wingu gani limetokea upande gani. Nilikuwa nikimkaripia kwamba ananichelewesha. Baadaye nilifanya kazi na watu wasioongea, nikajua alikuwa ananipa nini.

Kule juu tulikuta mwamba. Tulikaa na mwamba ule mpaka mvua za vuli zikaja zikapita. Mikono ilipasuka, patasi zikaisha makali nikazipeleka kwa mhunzi tena na tena. Kila mchana Mama Wayua alileta chakula, akakaa kando ya shimo akitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wake. Kisha siku moja ukuta wa chini ulianza kutoka jasho, na kufikia alasiri miguu yangu ilikuwa imelowa. Nilichota kwa kiganja nikaonja.

Yalikuwa ya chumvi. Si chumvi kidogo ile ya visima vingi vya huku kwetu ambayo mtu huizoea. Ilikuwa ile inayokaza ulimi, ambayo hata mbuzi akiinusa anarudi nyuma.

Nilikaa chini kule, juu ya jiwe, miguu ikiwa majini. Kilonzo aliniita mara kadhaa nikawa simjibu. Niliwaza fahali aliyeuzwa. Niliwaza vikapu vyake. Nilipovutwa juu, Mama Wayua alikuwa amesimama mdomoni mwa kisima ameshika leso yake kwa mikono miwili. Aliniuliza, "Yapo?"

Nikamjibu, "Yapo."

Nikachukua vyombo vyangu nikaenda nyumbani. Nilijiambia kwamba ni neno la kweli. Nilijiambia pia kwamba maji ya kisima kipya hubadilika yakichotwa siku kadhaa, jambo ambalo mara chache hutokea. Kesho yake nilijipa safari ya kwenda Masii kwa mhunzi, na sikuwa na kitu cha kunoa.

Yaliyotokea kwake siku ile nilikuja kuyajua baadaye sana, na nitakueleza tukifika hapo. Nilichokiona mimi ni kwamba nilipoenda kwake tumalizane malipo ya kazi, alinikuta langoni na hakunifungulia. Akasema hatanilipa kilichobaki, kwamba yale si maji. Nikamwambia tulikubaliana maji, na maji yapo. Akasema mimi nilijua. Nikamwambia yeye ndiye aliyechagua mahali. Tuliongea kwa sauti ambayo hatukuwahi kuitumia sisi kwa sisi, na nilipogeuka kuondoka niliona amekushika mkono, maana ulikuwa kwake siku hiyo. Nilikuita, ukaja unakimbia.

Alisema kanisani, katika kikundi cha akina mama, kwamba Musyoka ni mdanganyifu. Neno lilitembea. Mtu wa Mwala aliyekuwa ameniita nikamchimbie alituma ujumbe kwamba ameahirisha, na hakuniita tena. Nami nilienda kwa Mama Wayua asubuhi moja akiwa shambani, nikang'oa miti yote ya kuvutia kamba, nikabeba, nikaacha shimo limefunikwa kwa miiba tu. Kilonzo alinisaidia kubeba bila kufungua mdomo. Tulipofika nyumbani akaniambia niache aende peke yake azungumze na yule mama, kwamba kuna kitu hapo kisichokuwa cha chumvi wala cha malipo. Nilimwambia, "Ukienda kwake, usirudi kwenye kamba yangu."

Hakwenda. Lakini pia hakubaki. Kabla mwezi kuisha alikuwa Athi River, akafanya kibarua kiwandani, akaoa huko, akakaa huko. Unamjua mjomba... ona naandika ovyo, namaanisha baba yako mdogo, unamjua kama mtu wa Krismasi anayeleta mkate. Mimi nilimjua kama sauti iliyokuwa juu ya kichwa changu kila siku.

Na wewe nilikukataza kuvuka korongo. Uliniuliza sababu, nikakwambia mbwa wa Mama Wayua ameanza kuuma watu. Uliamini. Kwa muda mrefu ulikuwa ukisimama upande wetu ukimtazama mbwa yule amelala juani, mbwa ambaye ulimlisha kwa mkono wako, na ukawa unaogopa.

Tulienda kwa chifu. Mimi nilikwenda na watu wangu na yeye na wake, na kila upande ulikuwa na mtu wa kupiga kelele. Chifu alisikiliza kidogo, akakata shauri katikati, kila mmoja apoteze nusu. Ilionekana ni haki. Hakuna aliyeitekeleza. Yeye alisema hawezi kulipia nusu ya uongo, na mimi nikasema siwezi kupokea nusu ya jasho langu kana kwamba nusu nyingine niliiba. Nikamshitaki katika mahakama ya Machakos. Nilivaa koti nililomzikia mama yako, nikaketi kwenye benchi la nje, na kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Kila mara Mama Wayua alikaa upande ule wa benchi na mimi upande huu, tumetoka mahali pamoja, tumepanda magari tofauti ili tusionane, na jioni tunarudi kwenye korongo lile lile.

Siku moja akapita pale Bwana Nzioka. Wewe ulimjua kama mzee wa kinu cha kusaga unga pale Masii, marehemu sasa. Lakini kabla ya kinu alikuwa karani wa mahakama hiyo hiyo mpaka alipostaafu. Alitukuta, akatutazama, akaja akaketi katikati ya benchi mahali tulipopaacha wazi. Hakuuliza kesi inahusu nini. Alisema kwamba yeye hana cheo tena na hawezi kumlazimisha mtu, lakini kama tunataka, atatupa chumba chake nyuma ya kinu Jumapili ambayo mashine imezimwa, tuje sisi wawili tu, bila ndugu, bila mashahidi. Hatahukumu. Kazi yake itakuwa kuangalia tusikatizane. Tukishindwa, kesi bado itakuwa hapa inatungoja.

Sikutaka. Nikwambie ukweli, nilikubali kwa sababu Mama Wayua alikubali kwanza, na sikutaka yeye aonekane muungwana kuliko mimi.

Chumba chenyewe kilikuwa na magunia, viti viwili na mkeka wa zamani. Unga ulikuwa umekaa kila mahali. Bwana Nzioka hakukaa mezani kama hakimu. Alishika ufagio. Mtu akianza kupandisha sauti, yeye anaanza kufagia, taratibu, akikupitishia ufagio karibu na miguu mpaka unalazimika kuinua viatu na kunyamaza. Nilimwona kama anatuchezea. Kisha nikaona inafanya kazi.

Alitaka kila mmoja aseme mpaka amalize. Halafu yule mwingine ayarudie aliyoyasikia, na mwenye maneno akubali kwamba ndiyo aliyosema, ndipo ajibiwe. Unaweza kuona hilo ni jambo la kitoto. Mwende, nilijaribu kuyarudia maneno ya Mama Wayua nikashindwa. Nilisema, "Anasema maji ni mabaya na hataki kulipa." Akatikisa kichwa. Nikajaribu tena. Akatikisa tena. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nagombana na mtu ambaye sijasikia anasema nini.

Ndipo akasema polepole. Kwamba nilipomwambia "Yapo," aliamini, akatuma neno kwa akina mama wa kikundi chake. Walikuja asubuhi na mitungi, wakiimba kutoka barabarani. Wakampa kata, kwamba mwenye kisima aonje wa kwanza. Alionja. Alisikia chumvi, na macho ya wote yalikuwa kwake, na wengine wao walikuwa wamemwambia asimuuze fahali. Basi hakutema. Aliyameza. Akawarudishia kata akasema karibuni. Walioonja baada yake walitema chini, na wimbo ukafa hapohapo.

"Ungeniambia wewe," alisema. "Ungeniambia mimi peke yangu, pale mdomoni mwa kisima. Ningelia tukiwa wawili, basi."

Bwana Nzioka hakufagia. Aliniambia nirudie. Nilirudia, na safari hii Mama Wayua alisema, "Ndivyo."

Kisha ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kuongea juu ya mwamba na patasi. Niliongea juu ya vikapu. Nilisema sikunyamaza ili nimdanganye, nilinyamaza kwa sababu sikuweza kumpelekea chumvi mtu ambaye alinilisha baada ya mke wangu kufa. Nilisema pia kwamba pale mahali nilikuwa na shaka napo tangu mwanzo na nikamwambia mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetimiza wajibu. Alisikiliza akitazama magunia. Alipoyarudia alikosea mahali pamoja, nikamsahihisha, akarudia vizuri. Halafu akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Ni mumewe aliyepaonyesha pale nyuma ya jiko. Alikuwa mgonjwa tayari, akashika fimbo akachora duara ardhini akasema siku moja tutachimba hapa. Mama Wayua alijua mtoni ni pazuri zaidi. Kila mtu anajua. Hakuweza kuliacha lile duara.

Bwana Nzioka alituuliza swali moja tu siku hiyo. Aliuliza kila mmoja wetu, aliposema "maji" pale langoni, alikuwa anaona nini machoni pake. Mama Wayua alisema aliona mtungi wa kunywa na uji wa asubuhi. Mimi nilisema niliona shimo likilowa. Tulicheka, kidogo, ule mcheko wa watu waliochoka. Neno lilikuwa moja, na tangu mwanzo kila mtu alikuwa na lake.

Tulienda kwa Bwana Nzioka Jumapili mbili zaidi, tukamaliza. Niliondoa kesi. Tulikubaliana, na safari hii tulisema kila kitu mpaka tukarudia: nitamchimbia kisima kifupi kule chini kwenye mchanga wa mto, yeye atatoa mtu wa kushika kamba na chakula, na tutayaonja pamoja kabla ya mtu mwingine kuitwa. Kile cha juu kijengewe mdomo na kifuniko, maji yake yatumike kufyatulia matofali. Kilichokuwa kimebaki cha kazi ya kwanza tukakigawa kwa namna ambayo kila mmoja aliitaja kwa kinywa chake, hakuna aliyetukatia. Alisema atasimama kanisani aseme kwamba neno la udanganyifu analirudisha. Nami nikasema nitakuwepo, niseme kwamba nilijua maji ni ya chumvi na nikanyamaza.

Yote yalifanyika. Maji ya mtoni yalikuwa mazuri, na mpaka leo watu wanachota. Mtu wa kutazama kwa mbali angesema yaliisha vizuri, na kweli yaliisha.

Lakini mama, nikueleze sehemu ambayo hakuna aliyenieleza mimi. Tulipatana, ila hatukurudi tulipokuwa. Alinisalimia njiani, akaniuliza habari za shule yako, nikamjibu. Sikukukataza tena kuvuka, lakini ulikuwa umekua, na ulikuwa umeshazoea kuogopa mbwa. Vikapu havikuja tena. Sikuvitarajia. Jioni nilikuwa nikiona moshi wa jiko lake ukipanda ng'ambo ile, naye bila shaka aliona wangu, na hivyo ndivyo tulivyoishi miaka hii yote. Nimekuwa nikijiuliza ingekuwaje kama tungekaa kwenye chumba kile wiki ya kwanza, kabla ya kanisa, kabla ya miiba, kabla ya chifu, Kilonzo akiwa bado yupo. Bwana Nzioka nilimuuliza hilo siku moja nikisaga mahindi. Alisema kortini aliona watu wengi wenye haki kamili wakirudi nyumbani peke yao. Akaendelea kunipimia unga.

Baada ya hapo kila kazi nilifanya tofauti kidogo. Nilimuuliza mteja anataka maji ya nini, na nikimwona anachagua mahali pabaya nilimwambia mpaka akasirike. Na kila kazi, kabla ya kupiga sururu ya kwanza, tulitaja mtu mmoja ambaye sote tunamwamini, kwamba tukikosana tutakwenda kwake kabla ya kwenda kwa mwingine yeyote. Wengine walinicheka, kwamba naanza kazi nikifikiria ugomvi. Mara kadhaa tulikwenda kweli kwa huyo mtu. Mara moja haikusaidia hata kidogo, tukaishia kwa mwanasheria, na yule mteja hanipendi hadi leo. Sikuahidi kwamba ni dawa.

Sasa nikwambie nilichofanya leo baada ya Mutiso kuondoka, na kama nimekosea utaniambia.

Nilivuka korongo. Unajua kwamba siku hizi Mama Wayua ndiye watu wanaomwendea wakikosana. Fundi cherehani na bibi harusi, mpiga picha na wenye sherehe, wote humwita akae nao, naye hukaa. Nadhani alijifunzia chumba kile kile nilichojifunzia mimi, ila yeye alijifunza zaidi. Nilisimama mlangoni pake. Sikuwa nimesimama hapo tangu nilipong'oa miti yangu. Alitoka, akanitazama kwa muda, akaingia ndani akatoa kiti.

Nilimwambia habari yako kwa ufupi, bila kusema nani mwenye kosa, kwa sababu sijui. Nilimwambia kwamba hujaniruhusu kuja na kwamba huenda ukakataa, na kama ukikataa hapo ndipo mwisho. Nilimuuliza kama, ukitaka, anaweza kufika Machakos asubuhi akakaa nanyi wawili kabla ya basi lako. Mimi sitaingia. Mimi ni baba yako, na baba hawezi kukaa katikati.

Alisema anakumbuka nywele zako zilivyokuwa ngumu kusuka. Kisha akasema atapanda gari la kwanza, atangoja kwenye kituo cha mabasi, na ukija utamkuta, na usipokuja atanunua alichokuwa anunue arudi. Akasema pia umwambie Mutiso mapema kwamba yeye hatoi hukumu, maana wanaume wakimwona mama mzee wanafikiri wamekuja kukaripiwa.

Nilisimama kuondoka. Nilikuwa nimeshafika langoni aliponiuliza, "Na wewe, Baba Mwende, utabaki na nani?"

Nilisema nitazoea. Alibaki amesimama, na mimi nikashuka korongoni kabla hajasema lingine.

Basi ni hayo. Ukiamka ukaamua kupanda basi bila kumwona Mutiso, nitakubebea mizigo vile vile na sitakuuliza, wala sitakununia. Ukiamua kukaa naye, chukua ramani, iweke mezani, na umwache aseme mpaka amalize kile anachoona alisikia kutoka kwako. Labda utakuta ulisema ukuta unaweza kusogea. Labda utakuta hukusema. Huko Eldoret watakuwepo akina Mutiso wengine, na mimi sitakuwa na mtu wa kuvukia korongo kwa ajili yako. Utamtafuta wako, mapema, mkiwa bado mnasalimiana.

Nasikia sauti yako barabarani. Unaongea na mtu, unacheka. Nitaiweka barua hii ndani ya mkoba wako, upande wa juu, uisome ukiwa bado hapa nyumbani, na nitajifanya nimeenda kufunga mbuzi ili usome bila kutazamwa.

Jambo la mwisho ni dogo. Tangu mama yako aondoke, chai ya nyumba hii nimeipika ya watu wawili. Kabla ya hapo ilikuwa ya watatu, na kabla sijaoa nilikuwa kwa mama yangu. Chai ya mtu mmoja sijawahi kupika. Niachie kwenye kipande cha karatasi, hapo jikoni, maji kiasi gani na maziwa kiasi gani.

Ni mimi, baba yako, ninayekusikia ukikaribia lango,

Musyoka